Pedeli Nzima Ukutani

Kwenye ukuta wa karakana yangu pale Tunduma, juu ya meza ya vipimo, inaning'inia pedeli ya mafuta ya pikapu. Haina kasoro hata moja. Nimeipima mara nyingi kuliko kifaa kingine chochote kilichowahi kupita mikononi mwangu, na kila mara imenipa majibu yaleyale. Wateja wakiiona huuliza kama inauzwa, hasa madereva wa Zambia ambao hawapendi kuvuka kurudi Nakonde mikono mitupu. Mmoja alinibembeleza kwa adabu yao: "Mukwai, gari yangu ni kama hiyohiyo. Nipatie tu." Nikamwambia ina mwenyewe. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema yupo, halafu nikainamia kazi yangu.

Naandika habari za pedeli hiyo kwa sababu kuanzia Tunduma hadi Mlowo inasemwa kwamba ilinishinda. Mimi si mtu wa kushindwa na pedeli.

Niliondoka kwetu Ruanda, huku Mbozi, nikiwa kijana asiye na kitu. Nilianza kwa kuosha magari Zambia, nikashuka hadi Afrika Kusini, nikalala chini ya magari ya watu mpaka nikajua waya za tumboni mwake kuliko nilivyojua mitaa ya mji niliokuwa nikiishi. Masomo nilisoma jioni, mikono ikinuka grisi, darasani nikiwa na vijana walioletwa na wazazi wao. Stashahada ya umeme wa magari niliipata kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi nikaiweka kwenye fremu ya kioo na kuitundika karakanani, mahali ambapo mtu akiingia tu ataiona kabla hajaniona mimi.

Mafundi niliowakuta walikuwa na njia moja ya kutafuta ubovu: kuazima. Gari likizingua, fundi anafungua kifaa kwenye gari jingine lililoegeshwa palepale, anakifunga kwenye gari gonjwa, anawasha, anasikiliza. Likikubali, kifaa cha zamani ndicho kibovu. Lisipokubali, anaazima kingine. Kwa magari ya zamani njia hiyo ilitosha, kwa sababu pedeli ilikuwa ni chuma na waya wa kuvuta. Mimi nilikuja na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na lugha ya vipimo. Wakaniita Diploma. Walikusudia kunidhihaki, lakini magari yaliyowashinda yaliishia kwangu, na jina likageuka kuwa tangazo la biashara.

Pikapu ya baba nilimnunulia mimi. Niliiendesha mwenyewe kutoka Tunduma, nikaanza kupiga honi tangu kanisani hadi uani kwetu, na mama akatoka na unga mikononi akidhani kuna msiba. Baba ni mkulima wa kahawa. Alipata leseni akiwa tayari ana wajukuu, na aliipenda ile leseni kama mimi ninavyopenda fremu yangu. Alibeba kahawa mbichi ya majirani kuipeleka kwenye mashine ya kumenya. Alibeba kwaya. Alibeba wagonjwa kwenda hospitali Vwawa, saa yoyote waliyokuja kumgongea, na sikumbuki kusikia amemkatalia mtu. Kabla ya gari alikuwa mzee mmoja kati ya wazee wa kanisa. Baada ya gari akawa Dereva. Hata mchungaji alimwita hivyo mbele ya waumini, na baba alikuwa akijifanya hajasikia ili aitwe tena.

Kisukari alikuwa nacho tangu nikiwa ughaibuni. Alimeza dawa zake na hakupenda kuzungumzia.

Siku aliponipigia simu mara ya kwanza alisema gari linakata. Linapanda mlima vizuri, halafu ghafla nguvu zinaisha kama mtu aliyeondoa mguu. Alikuwa ameshalipeleka kwa mafundi wa jirani, nao wakafanya kama kawaida yao: wakaazima pedeli ya pikapu nyingine, wakafunga. Sasa hali ilikuwa mbaya zaidi. Taa ya injini ilikuwa inawaka muda wote na gari lilikuwa halizidi mwendo wa ng'ombe.

Nikaja na mashine yangu. Majirani wakakusanyika, maana gari lilikuwa kama la kwao, na nikawaeleza kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie. Pedeli za siku hizi hazivuti waya, nikawaambia. Ndani yake kuna sensa mbili. Ukikanyaga, zote mbili hupeleka habari kwenye kompyuta ya gari, kila moja kwa njia yake. Ni kama mashahidi wawili wanaoulizwa swali lilelile, kila mmoja kwenye chumba chake: mguu umekanyaga kiasi gani? Moja husema kwa umeme mdogo, nyingine kwa umeme mkubwa zaidi, na kompyuta inajua tofauti inayotakiwa kuwepo baina yao. Maelezo yakilingana, gari linakwenda. Yakipishana, kompyuta haimwamini hata mmoja, inawasha taa na kulifanya gari litambae, kwa sababu gari lisilojua dereva anataka nini ni hatari kuliko gari lililosimama.

Pedeli waliyoazima ilifanana na ya kwetu kwa sura, mpaka soketi, lakini sensa yake ya pili ilizungumza kipimo kingine. Mashahidi walipishana. Nikaivua. Ile ya mwanzo niliikuta imefungwa kwenye gunia nyuma ya kiti. Nikaipima kwa multimita nikiikanyaga polepole kwa mkono, na umeme ukapanda bila kukatika mahali popote. Nzima kabisa. Kama ilikuwa nzima, iliondolewa kwa nini? Nilijiuliza hivyo, nikajijibu kwamba fundi wa kuazima hahitaji sababu. Nikairudisha, nikafuta kumbukumbu ya kompyuta, taa ikazimika, gari likaruka.

Tulikula kuku siku ile. Mama alinipa firigisi, ambayo hutolewa kwa mwenye heshima ya meza, na baba hakunung'unika. Alisema mbele ya wageni, "Huyu alikwenda kusoma, hakwenda kutembea."

Nikiwa naaga, baba alivuka ua kunisindikiza. Kandambili ya mguu wa kulia ilimvuka njiani. Yeye akaendelea kutembea, mguu mmoja peku, akinieleza habari za mbolea. Mama alikuwa nyuma yake. Aliinama akaiokota, akaharakisha kidogo, akaiweka mbele ya mguu wake, naye akauingiza bila kuangalia chini na bila kukata maneno. Nilidhani ni mapenzi ya wazee.

Simu ya pili ilitoka kwa mama. Gari lilikuwa limerudi nyuma na watu.

Ilikuwa ni baada ya mazoezi ya kwaya, wanawake wamejaa nyuma, kwenye kile kilima cha kutoka mtoni. Gari lilipanda mpaka karibu na juu, likapoteza nguvu, likaanza kurudi kinyumenyume huku baba akisema anakanyaga breki. Liliingia kwenye shamba la kahawa la jirani na miti ikalishika. Mwanamke mmoja alivunjika kifundo cha mkono. Wengine walitoka na mikwaruzo na vilio. Mama aliniambia baba haongei, na kwamba amekaa ndani ya gari pale pale shambani, hataki kutoka.

Nilipofika walikuwa wameshalivuta hadi nyumbani. Baba alisema neno moja: "Imerudi." Alimaanisha pedeli. Sauti yake ilikuwa na lawama kidogo, na sikumlaumu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekula firigisi.

Taa ya injini haikuwa imewaka. Nikafungua kumbukumbu ya kompyuta, haikuwa na kitu. Gari lilikata nguvu, likarudi nyuma na watu, na kompyuta haikuona jambo lolote la kuandika. Majirani walinizunguka tena. Mmoja alisema mashine za wazungu nazo hudanganya. Waumini walikuwa wameanza kwenda kanisani kwa miguu wakipita mbele ya pikapu bila kuitazama, na kahawa ilikuwa inaiva mashambani.

Nilijua vizuri kilichokuwa kinatafutwa. Kama ubovu ulikuwa wa gari, mimi ningeutoa, na baba angebaki kuwa Dereva. Kama haukuwa wa gari, sikutaka kujua ulikuwa wa nini, na bado ilikuwa lazima nijue kabla hajabeba mtu mwingine.

Kwanza nililiendesha mimi, peke yangu, kilima kilekile. Likapanda. Nikarudi chini nikalipandisha tena kwa gia tofauti, nikasimama katikati, nikaondoka. Halikukata. Baba alikuwa amesimama juu akiniangalia, na nilipomfikia akasema, "Kwako huwa linajificha."

Nikamwambia aendeshe yeye. Nikakaa kiti cha abiria, kompyuta mapajani, nikaweka picha ya vipimo: mistari miwili inayotembea, mmoja wa sensa ya kwanza, mwingine wa sensa ya pili. Mguu ukikanyaga inapanda. Ukiachia inashuka. Kama sensa imekufa, au waya umelegea, utaona mstari mmoja unaruka na mwenzake umebaki. Hapo ndipo fundi anapopata jibu. Nilikuwa naomba mstari mmoja uruke. Sijawahi kuomba ubovu kwa bidii vile.

Tulianza kupanda. Baba aliendesha vizuri, mikono miwili kwenye usukani, akiegemea mbele kama kawaida yake. Mistari ilipanda pamoja. Tulipofika mahali mlima unapokaza, mistari ikatetemeka kidogo, halafu yote miwili ikashuka, taratibu, sambamba, tofauti baina yao ileile, mpaka chini kabisa. Injini ikaishiwa.

"Umeona?" baba alisema. "Imekata. Na mimi nimekanyaga mpaka mwisho."

Nikaangalia chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeteleza ukatoka kwenye pedeli. Ulikuwa umesimama pembeni, kwenye kapeti, na alikuwa anakanyaga kapeti kwa nguvu zake zote. Paja lilikuwa limekaza, mishipa ya shingo imemtoka. Kiatu kilikuwa kimejikunja kwa kubanwa sakafuni. Macho yake yalikuwa mbele, barabarani.

Gari likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono.

"Umeona?" aliuliza tena.

"Nimeona, baba."

"Ni pedeli?"

Mashahidi wawili walikuwa wametoa maelezo yanayolingana. Hakuna kilichokatika kati ya pedeli na kompyuta. Mguu ulikuwa umeondoka na mwenye mguu hakuwa na habari. Na huo mguu ndio huohuo uliotakiwa kuitafuta breki.

"Nitaangalia zaidi," nilisema. Nikamwomba tubadilishane viti kwa kisingizio cha kutaka kusikiliza injini. Alipozunguka mbele ya gari aliegemea boneti kwa mkono. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi, nikidhani analipapasa gari lake.

Siku yake ya kliniki ilipofika nilimpeleka mimi. Nesi alimwambia avue viatu, afumbe macho, aseme kila atakapohisi anaguswa. Alikuwa na kijiti chenye uzi mfupi wa plastiki, mgumu kama mshipi wa kuvulia samaki. Aliugusisha chini ya kidole gumba, uzi ukapinda. Baba kimya. Akagusa unyayo katikati. Kimya. Akagusa kisigino. Kimya. Akaondoa mkono kabisa, akawa anaangalia tu.

"Hapo," baba akasema.

"Mzee, sijakugusa."

"Basi ongeza nguvu kidogo. Unagusa kama unaogopa."

Nesi hakucheka. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiwa na viatu vyake mikononi. Kazi aliyokuwa anaifanya yule dada niliifahamu kuliko alivyodhani. Alikuwa anakanyaga pedeli polepole na kusubiri umeme upande. Baadaye nilimfuata nje, nikamuuliza kuna dawa gani ya kurudisha hisia. Alinijibu kama mtu aliyelisema jambo hilo mara nyingi mpaka likamchosha: mshipa wa fahamu uliokufa hivyo haurudi. Tumchunge asijikate, asijiunguze, tumwangalie nyayo kila jioni. Na gari aache.

Nikamwomba amwambie mwenyewe. Alinitazama.

"Nilimwambia safari iliyopita," alisema. "Na ile nyingine kabla ya hiyo. Hakuwaambia?"

Njiani kurudi baba alisema yule binti anafaa kupima watoto, mkono wake hauna uzito. Nilikubali kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi. Tukanunua ndizi Mlowo, akachagua kichane mwenyewe na kubishana na muuzaji, na alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona kwa muda mrefu.

Katika ukoo wetu mtoto hamwambii baba yake kwamba mwili umemshinda. Si suala la kuona haya tu. Ni kana kwamba umemhesabia siku zake. Jambo la namna hiyo husemwa na dada yake, kwa sababu yeye amekua naye, amemwona akichapwa na kulia utotoni, na hawezi kumwogopa. Kwa hiyo nikafunga safari hadi Ibaba, kule juu Ileje, alikoolewa shangazi yangu. Ni mdogo wa baba kwa kuzaliwa, mkubwa wake kwa maneno. Nilimkuta anachimba viazi. Nilifungua kompyuta palepale kwenye tuta, nikaikinga jua kwa koti, nikamwonyesha.

Aliitazama kwa makini, mikono yenye udongo ameiweka mbali na kioo. Akauliza kama ile mistari ndiyo mguu wa kaka yake. Nikamwambia ndiyo. Akauliza mahali inaposhuka ni wapi. Nikamwonyesha. Akavunja kiazi kimoja kilichooza, akakitupa.

Nilimwomba aende amwambie. Alikataa.

"Nikimwambia mguu umekufa, atajiuliza kinachofuata ni nini," alisema. "Gari likifa, ni gari tu limekufa. Ua gari, mwanangu."

Nikamweleza kwamba gari halina ubovu, na kwamba mimi ndiye fundi, na kila mtu anajua mimi ndiye fundi. Watasema limenishinda.

"Na hiyo diploma yako ni ya nini, kama huwezi kushindwa hata kidogo?"

Nilibishana naye mpaka jua likapanda. Nilisema baba ana haki ya kujua. Akasema, "Anajua. Au unataka ajue kwamba na wewe unajua?" Nikamsaidia kubeba viazi hadi nyumbani.

Alikuja nami Ruanda. Nilifungua pedeli mchana, uani, baba amesimama mlangoni mwa gari. Ni boliti chache na soketi moja, kazi ya kunywea chai. Nilipoitoa alinyoosha mkono nikampa. Aliigeuzageuza, akaibonyeza kwa kidole gumba, ikarudi kwa springi yake, akaibonyeza tena.

"Unaipeleka wapi?"

"Tunduma. Nikaipime vizuri."

"Si uliipima?"

"Nitaipima tena."

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi. Akasema bila kuinua uso, "Kaka, mtoto amekwama. Mpe muda."

Baba akaniangalia. Nimetazamwa na watahini, na askari wa mipaka, na wazungu wenye magari ya bei ya kijiji kizima, na hakuna aliyewahi kuniangalia hivyo.

"Umekwama?"

"Nimekwama, baba."

"Haya," alisema. Akanirudishia pedeli, akaingia ndani.

Habari ilifika Tunduma kabla yangu, au niliiona hivyo. Mafundi wa kuazima walisherehekea. Mmoja wao, mtu mzima mwenye karakana upande wa pili wa foleni ya malori, alivuka barabara kwa makusudi akiwa na pedeli iliyochakaa mkononi. "Injinia," aliniita mbele ya wateja wangu, "tukuazime hii? Labda itakubali." Watu walicheka vizuri. Ile iliyokuwa ukutani ilikuwa inamwangalia. Ningeweza kuifunga kwenye meza ya vipimo, nikawasha, nikamwonyesha mistari miwili inavyopanda pamoja kama mapacha, nikamfunga mdomo mpaka mwisho wa maisha yake. Nilimwambia sasa hivi sina nafasi, aiache mezani. Aliiacha kweli. Baadaye niliipima, ilikuwa mbovu.

Wapo wateja walioacha kuja. Aliyeshindwa na gari la baba yake, walisema, la kwako ataliweza? Nilizisikia habari hizo kutoka kwa watu walionihurumia, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko vicheko. Fremu bado iko pale. Naipangusa vumbi la malori kila asubuhi.

Kule nyumbani pikapu imesimama pembeni ya ghala, imefunikwa turubai. Kuku wanatagia chini yake. Msimu ule kahawa ya majirani ilibebwa na gari la mtu mwingine wa mbali, ambaye huja anapotaka. Siku moja nikiwa huko walipita na mzee mgonjwa kwenye bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mwanawe, kichwa kimelala begani kwa dereva, miguu inaning'inia. Ilibidi wapite karibu na uzio wetu. Baba alisimama akiwa ameshika ufunguo wa gari. Sijui alikuwa ameuchukua saa ngapi. Yule mwana wa mgonjwa alimsalimia, "Shikamoo, Dereva," bila ubaya wowote, na baba akaitika. Wakaenda. Vumbi lilipotua alirudisha ufunguo mfukoni.

Nilimshauri awe analiwasha gari mara mojamoja ili betri isife. Linawaka, maana bila pedeli injini huwasha taa yake na kunguruma tu chini kwa chini. Jumapili baada ya ibada yeye hufunua turubai upande wa dereva, anaingia, anawasha, anasikiliza redio. Wageni wakiniulizia huwaambia kwamba mimi nimesoma sana, nimefika mbali, lakini kuna pedeli moja ilinikwamisha. Huwaambia kwa sauti ambayo sijawahi kuielewa. Wakati mwingine nadhani ananilaumu. Wakati mwingine nadhani anawatambia.

Mwanzoni kila nilipokwenda aliniuliza, "Imepatikana?" Nami nikajibu bado. Ilikuwa ni kama salamu. Sasa haulizi. Mguu wa kushoto nao umeanza. Mama aliniambia kwa simu, akaingia moja kwa moja kwenye habari za bei ya mahindi. Nesi alikuwa amesema ungeanza.

Mwezi uliopita nilimkuta ndani ya gari, injini inanguruma, mlango wazi. Nikakaa kiti cha abiria. Tulisikiliza mahubiri ya redio mpaka mwisho. Mguu wake wa kulia ulikuwa pale pedeli ilipokuwa, kwenye bati tupu lenye matundu ya boliti, na ulikuwa unapanda na kushuka taratibu, kama mtu anayepanda kilima kwa busara. Sikujua kama alijua.

"Ile pedeli," alisema, akitazama mbele kwenye ukuta wa ghala. "Usijisumbue nayo sana."

"Naendelea kuitafutia ufumbuzi, baba."

"Najua."

Akazima injini. Akashuka, akashika mlango, kisha boneti, kisha akaachia na kuanza kuvuka ua kwenda ndani kwenye chakula. Karibu na jiko kandambili ikamvuka. Aliendelea. Mama alikuwa ndani akipakua, hakuwepo nyuma yake. Nilikwenda nikaiokota, nikamfuata nayo, nikawa natafuta mahali pa kuiweka mbele yake bila kumfanya asimame.